Mashujaa wa Burungura Hawali Nyama

Ludovick alikuwa na utaalamu mmoja uliokamilika: kukaa kwenye sofa la mtu. Sofa la dada yake Veronica, kule Skärholmen kwa Waswidi, alilifikia "kwa wikendi" wakati wa theluji. Theluji ikayeyuka, ikaanguka nyingine, naye bado alikuwa akiulizia mto laini zaidi. Sasa Veronica alikuwa ametamka neno lisilo na huruma: mwezi ukiisha, na yeye aishe. Nyumba za jiji hilo hupatikana kwa foleni ya miaka, na Ludovick hakuwahi kupenda foleni.

Akiwa amejinyoosha kwenye sofa hilo linaloponyoka, Jumamosi mchana, alimwona Nala, binti wa Veronica, akiongoza jeshi la watu wa mikuki kwenye kompyuta.

"Mbona askari wako amelala?"

"Ameumia mguu, morbror," alisema Nala, aliyezoea kumwita mjomba wake kwa Kiswidi. "Atapona msimu ujao."

"Mpe dawa aamke!"

"Mchezo wenyewe ndio unatoa dawa. Lakini sisi mashabiki tumeutengenezea nyongeza, allt på riktigt, kila kitu kama kweli. Farasi anachoka. Kidonda kinaoza. Askari asipokula anatoroka jeshi." Nala alipumua. "Sasa tunataka kuweka ufalme wa Afrika, ila Anton, mkubwa wetu, anataka mtaalamu. Tuna chumba kizima kule Jordbro, kina jiko, kina kitanda cha mgeni, kinamsubiri..."

Mengine Ludovick hakuyasikia. Alisikia kitanda.

"Nala, mama," alisema kwa sauti ya msibani, "unajua babu yako alikuwa nani?"

"Dereva wa lori."

"Hiyo ilikuwa kazi ya mchana."

Chumba kilikuwa juu ya ghala la matairi. Anton alikuwa Mswidi mwenye ndevu nyingi na macho ya mtu aliyeutafuta ukweli hadi ukamchoka. Ludovick aliingia na pazia la Veronica begani, akaketi, akaanza kushusha maneno. Alieleza habari za Burungura, ufalme mkuu wa ziwani, jina ambalo kwa hakika lilikuwa la fahali wa babu yake. Mashujaa wake, alisema, waliamka kabla ya jogoo na kuoga maji ya barafu.

"Ziwani kwenu kuna barafu?" aliuliza Anton.

"Enzi hizo ilikuwepo."

Kila uongo ulipozidi ukali, ndivyo macho ya Anton yalivyozidi kung'aa, na kinasa sauti chake kilikuwa kikizunguka. Basi Ludovick akamimina. Hawakulala kitandani, walilala chini juu ya majani ya migomba. Hawakuota moto hadi vita viishe. Walikula ndizi moja ya kuchemsha kwa siku, bila chumvi. Wala nyama hawakuigusa!

"Na wewe ulilelewa hivyo?"

"Mimi ndiye wa mwisho," alijibu Ludovick, na machozi yakamtoka kweli, maana maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemgusa sana.

Alipewa ufunguo palepale. Usiku ule alilala kitandani kama sultani, akamtumia Veronica picha ya mto.

Asubuhi Anton alikuja na wenzake, wamechangamka. Walikuwa na kanuni, alieleza: hakuna kinachoingia kwenye mchezo kabla ya kujaribiwa kwa mwili wa mtu. Yeye mwenyewe aliwahi kuvaa fulana ya chuma kiangazi kizima, hadi kazini. "Bahati yetu," alisema, "wewe umeshazoea."

Wakabeba kitanda, wakakitoa. Wakazima kipasha joto cha ukutani. Majani ya migomba hayakupatikana Jordbro, kwa hiyo walimtandikia maboksi ya matairi, na Anton akaomba radhi kwamba huenda ni laini mno.

Ludovick angeweza kula kona, lakini aende wapi? Jioni aliyohama, sofa lilipewa familia moja ya kanisani.

Njaa ikamfungua kumbukumbu. "Nimekumbuka!" alitangaza siku moja, mashavu yameingia ndani. "Jumapili walichoma nyama!"

"Chanzo?" aliuliza Anton.

"Mimi!"

"Wewe ulisema hawakula. Sasa nina vyanzo viwili vinavyopingana, na vyote ni wewe. Nahitaji mtu mwingine wa ukoo huo."

Ludovick alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Damu ni damu, alijiambia. Akampigia Veronica, sauti akaiweka kwenye spika, akaanza kwa Kiswahili, ambacho Anton hakukijua.

"Dada, naomba useme tu kwamba mashujaa wa Burungura walikula nyama."

"Burungura yule fahali wa babu?"

"Huyohuyo. Nakufa, dada."

"Pole, mdogo wangu. Nipe huyo bwana."

Veronica akageukia Kiswidi chake safi, kile cha kuongelea na ofisi za serikali. "Nyama? Hapana, bwana Anton. Kwetu shujaa hagusi nyama. Na ile ndizi moja waligawana wawili. Kuoga ilikuwa asubuhi na jioni. Ludovick ni kitinda mimba, amesahau ya jioni."

"Dada!"

Nyuma ya Veronica kicheko kilisikika, kisha sauti ya Nala: "Morbror, ile kanuni ya kujaribu niliitunga mimi. Mamma ndiye aliyeniambia nikutajie kitanda, maana wewe hukosi mahali penye kitanda."

Simu ikakatwa. Anton alimkumbatia Ludovick kwa furaha ya mtu ambaye ukweli umemtembelea nyumbani. Ndizi akaikata katikati kwa uangalifu, kipande kimoja akakirudisha kwenye friji, kisha akaenda kujaza ndoo.

Ludovick alivua shati akitetemeka. Miaka yote alidhani kipaji cha ukoo ule cha kutunga uongo alipewa yeye peke yake.