Cheni Iliyokafiniwa

Azan alishuka Kibiti mwaka 1994, wakati ambapo yeyote mwenye begi jeusi aliweza kujiita mwagizaji wa bidhaa. Hakuwa amepiga hatua hamsini kutoka kituoni alipomwona mpasuaji mbao ameulalia msumeno wake wa injini kwa uzito wote wa mwili, nao unatema unga mwembamba kama wa muhogo. Msumeno wenye cheni kali hutema vibanzi. Unaotema unga una cheni butu, na cheni butu hunolewa kwa tupa ya mviringo, kazi ya saa moja. Azan alilijua hilo kwa kuwa alifagia karakana moja Dar es Salaam miezi minane. Wapasuaji wa Kibiti, waliotoka juzi tu kwenye shoka, hawakulijua. Huo ndio uliokuwa mtaji wake.

Akaweka meza barabarani. Cheni ikiletwa, aliisikiliza kama daktari, kisha akatikisa kichwa.

“Poleni. Imekufa.”

Maiti alibaki nayo yeye. Mteja alipewa cheni “mpya”, imezongwa karatasi yenye grisi na kufungwa uzi, pamoja na onyo kwamba isifunguliwe mpaka siku ya kazi, maana unyevu wa mto huiharibu. Cheni hiyo ilikuwa maiti ya mteja aliyetangulia, iliyooshwa kwa mafuta ya taa na kunolewa usiku. Malipo yalikuwa mbao sita za mninga. Baada ya wiki tatu wapasuaji wote walikuwa wakitumia cheni za wenzao, na kila mmoja akisifu yake.

Jumatano akaja Bi Mwanasiti wa Mtawanya, mjane aliyerithi msumeno wa mumewe. Alikuwa na kibali cha kukata mninga mmoja, nacho kinakwisha Jumamosi. Mbao sita alizoleta zilikuwa za paa la nyumba ambayo marehemu hakuimaliza.

“Imekufa,” alisema Azan.

“Inna lillahi. Basi nipe maiti yangu.”

“Maiti hubaki kwangu, bibie.”

“Tangu lini daktari akazika? Maiti ni ya wafiwa.”

Wanywa kahawa wa jirani wakacheka, wakamuunga mkono. Mwanamke akaondoka na cheni mbili.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Ijumaa asubuhi lori la mchukuzi mmoja, Abdulazizi, lilikuwa libebe mbao zote za Azan kwenda Dar es Salaam, na nauli waliyokubaliana ilikuwa cheni mpya. Azan hakuwa na cheni nyingine.

Alhamisi akapanda baiskeli hadi Mtawanya. Hakujua kwamba Mwanasiti alikwisha kulifungua furushi lake siku ileile, akakuta cheni “mpya” imeungwa kwa kipande cha msumari, meno yake yana mikwaruzo mibichi ya tupa. Msumari ule aliufahamu. Shemeji yake Huseni aliupigilia mwenyewe mwaka jana, na cheni ya Huseni ilitangazwa kufa wiki iliyopita.

Azan akaeleza kwamba kiwanda kinazitaka maiti zote kwa uchunguzi.

“Sina neno,” alisema Mwanasiti. “Lakini maiti huoshwa. Muoshe hapa, umnoe na meno, nione. Na ile tupa yako uniachie.”

Azan akapiga hesabu. Cheni ingenolewa bila kumpotezea usiku, na kesho yeye hayupo. Akaiosha, akaikaza juu ya upanga wa msumeno, lile bapa la chuma ambalo cheni hulizunguka, akaanza kunoa. Akamwonyesha kwamba tupa husukumwa mbele tu, hairudishwi ikisugua; kwamba huanzwa meno ya upande mmoja, kisha ya pili; na kwamba kila jino hupata idadi ileile, la sivyo msumeno hukata kombo. Mwanasiti alihesabu kwa tasbihi. Meno thelathini na sita, mara tatu kila moja: tasbihi ikazunguka yote na punje tisa juu.

“Sasa nikamkafini,” alisema, akaingia nayo ndani.

Alitoka na furushi la karatasi ileile ya grisi, uzi umefungwa kwa fundo lilelile. Azan alilipima mkononi, akavutiwa na kazi.

“Usimfunue,” alisema Mwanasiti. “Aliyekwisha kukafiniwa hafunuliwi.”

“Nani wa kumfunua, bibie?” alisema Azan, akapanda baiskeli yake akarudi.

Abdulazizi alimfunua. Ijumaa asubuhi, mbao zikiwa zimeshapakiwa, alikata uzi kwa meno na kuivuta nje cheni ya baiskeli, safi kabisa, inang’aa mafuta.

Akawaambia vibarua washushe mzigo. Ng’ambo ya barabara walikuwa wamesimama Huseni na wapasuaji wenzake, kila mmoja akizijua mbao zake. Mbele yao alikuwa Mwanasiti, tupa imechomoza kwenye kapu.

“Pole, fundi,” alisema. “Amefariki saa ngapi?”

Azan aliondoka na basi lililofuata, akiwa na begi tu. Mninga wa Mtawanya ulianguka Jumamosi kabla ya adhuhuri, kibali kikiwa bado hai, na vibanzi vyake vilikuwa virefu.