Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 8 Julai 1996. Bunda.
Hapa chama cha ushirika, ripoti ya kilo za pamba imetoka kwenye kompyuta saa tisa alasiri. Niliianzisha saa mbili asubuhi! Meneja, Bwana Leodgar, kasema mbele ya watu kwamba mwaka juzi ilikuwaga ya nusu saa. Ijumaa isipofika mezani kwake kabla ya chai, ufunguo wa chumba cha kompyuta anampa Selestina. Mpiga taipu! Mimi nimesomea kompyuta Mwanza wiki mbili nzima, cheti kiko ukutani. Baba mkwe kule Butiama anatangaza kanisani kwamba mkwewe ni mkuu wa kompyuta. Nitamtazamaje?

Jumanne, 9 Julai.
Mchawi nimemjua: vumbi. Nimeamuru wote wavue viatu mlangoni, Bwana Leodgar akiwemo. Soksi yake ina tundu. Hakufurahi. Ripoti imechukua muda ule ule.

Jumatano, 10 Julai.
Si vumbi, ni joto. Nimeazima feni ya meneja bila kumsumbua kwa maswali. Feni ikapeperusha ripoti dirishani. Mbuzi wa jirani kala kilo zote za kijiji cha Nyamuswa. Selestina kacheka mpaka kakaa chini. Hana adabu kabisa!

Alhamisi, 11 Julai.
Basi hadi Musoma, kwa Clementi, fundi redio wa mtaa wa Iringo. Kauliza kuna majina mangapi ndani ya kompyuta. Nikajibu kwa fahari: wakulima elfu tatu, majina elfu kumi na mbili! Maana mkulima wetu leo ni Werema, kesho anasema kanisani anaitwaga Thadeo, keshokutwa analeta jina la babu, siku nyingine la utani. Kwa hiyo mwaka jana nilimwandikisha kila mmoja mara nne. Kilo ziko kwenye jina moja, mengine yanasubiri tu. Miezi mitatu ya kazi ya akili! Clementi kasema ugonjwa ndio huo, mashine inapitia majina yote. Fundi redio, anajua nini? Nimerudi nikamsimulia Selestina, tucheke pamoja. Hakucheka.

Ijumaa, 12 Julai.
Wizi mchana kweupe! Selestina kawahi kazini, kaingia kwa ufunguo wa akiba wa meneja, kafuta kila jina lisilo na kilo. Miezi mitatu yangu, kaifuta huku anakula kitumbua! Ripoti: dakika ishirini na tano. Bwana Leodgar kapiga makofi. Ufunguo nimeutoa mfukoni mwenyewe, nikamkabidhi Selestina. Nimepelekwa mzanini, ghalani. Butiama sitaenda mwezi huu.

Jumatatu, 15 Julai.
Sawa. Mzanini hakuna wa kunifutia. Kila gunia naliandika kwa chaki majina yote manne ya mwenyewe, pande zote mbili. Foleni ya mikokoteni imefika barabara ya Mwanza. Wakulima wananitukana kwa lugha zao zote. Bwana Leodgar katuma mtu mara mbili kuuliza kuna nini. Nimemjibu kitaalamu: mzani umeingia vumbi. Kesho wote wanavua viatu.