Kabati la Milango Miwili

Jumatatu, 8 Septemba

Balaa! Mama mkwe anahamia kwetu Ijumaa, kutoka Kilosa. Macho yamepungua nguvu, hawezi tena kuishi peke yake. Mke wangu Gaudiosa anataka alale chumba changu cha nyuma. Chumba changu! Kochi langu, runinga yangu. Sebuleni hakuna nafasi, kumejaa vyerehani vya Gaudiosa. Na mama akishalala humo, mimi sikanyagi tena. Mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, hata mtoto anajua. Jumamosi kuna mechi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeperuzi simu gereji, kati ya pancha na pancha. Kumbe! Marekani chumba kisicho na kabati la ukutani si chumba cha kulala. Ajabu. Kwani mtu analala kabatini? Nimemwonyesha Gaudiosa. Nikamwambia itakuwa kumvunjia mama heshima, kumlaza mahali ambapo si chumba. Akasoma hadi mwisho, taratibu. Akasema sawa Baba Irine, basi jenga kabati.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata wazo! Kabati litoboe ukuta unaotenganisha chumba kile na chetu. Mlango mmoja kwa mama, mwingine kwetu. Mama akitoka, napita kabatini hadi kwenye runinga. Mlango wa chumba chake sitakuwa nimeugusa. Kwa hiyo sijaingia.

Fundi Anselmi akauliza mlango wa pili ni wa nini. Nikasema hewa. Akauliza nguo zimeanza kuhema lini. Fundi wa maswali huyu! Gaudiosa nimemwambia atakuwa anapanga nguo za mama bila kumsumbua. Amefurahi mno, kapika kuku.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama kafika na basi la mchana. Nikamwamkia uani, macho chini, kama inavyotakiwa. Ametundika vitenge vyake vyote kwenye kabati jipya. Amemwambia Gaudiosa hajaona mkwe mwenye moyo kama wangu. Nikaona aibu. Ikapita. Runinga imebaki humo, mama anapenda kusikiliza taarifa ya habari.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu! Lakini naandika.

Saa tisa wakaondoka, Gaudiosa na mama, kwenda sala ya jumuiya kwa jirani yetu Letisia. Nikaingia kabatini kwa magoti. Vitenge vingi! Nikawa najiuliza mjane mmoja anavivaa lini vyote hivi. Nikavihesabu. Kosa. Nilipofika cha kumi na nane, mlango wa chumba ukafunguka. Mama karudi kuchukua rozari.

Nikajaribu kurudi nyuma. Shati likanasa kwenye msumari wa Anselmi. Rozari nayo, kumbe, ilikuwa kabatini.

Akafungua. Nimepiga magoti, kitenge kichwani. Ningefanya nini? Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Ndipo akapiga yowe, mtaa mzima ukaja.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama amekataa kulala kwenye chumba alichopita mkwewe. Gaudiosa kasema chumba chetu sasa ni chake, si changu, kwa hiyo mama amehamia huko na kitanda chake. Kitanda chetu kimeletwa huku nyuma, nalala peke yangu. Gaudiosa yuko kule na mama yake. Tangu juzi hajaniambia neno, chakula ananiletea mtoto. Inaniuma kweli.

Anselmi amepigilia mbao mlango wa kabati upande wa kule. Alikuwa anacheka muda wote.

Runinga imehama na mama.

Sasa hivi wanarudia mechi ya Jumamosi. Nasikia mtangazaji, maneno siyapati. Mama kashangilia. Halafu Gaudiosa naye kacheka, mara ya kwanza tangu juzi. Nani kafunga? Amefungaje? Nimeingia kabatini nikabandika sikio. Ubao ni mwembamba.

Nimeazima drili kwa Anselmi, nikamwambia ni ya gereji. Kitundu kimoja tu, cha jicho. Jicho si mtu. Litakuwa halijaingia.