Mkakati wa Kurejesha Weusi wa Gari la Maarusi

Mheshimiwa Katibu wa Umoja wetu, ambaye pia ni shemeji yangu. Mheshimiwa Msemaji wa Umoja, ambaye leo hasemi kwa sababu nasema mimi. Waheshimiwa wazee wa kanisa, kina mama wa kwaya, wageni waalikwa kutoka mtaa wa Agincourt. Bwana arusi Yvan na bibi arusi Aurore, mnaofunga ndoa kesho saa nne. Na nyinyi nyote mliosimama nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimetengwa kwa ajili ya kamati: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe moyoni. (Makofi.)

Mimi Gervais, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Uhifadhi na Urejeshaji wa Weusi, nimesimama hapa Mount Dennis, Toronto, kutoa ripoti ya maendeleo. Gari letu mnalijua, ni jeusi, ni moja, na limewabeba mabibi arusi wetu wote. Lakini jua la Julai halina adabu, na gari jeusi hunyonya joto kama mtoto mwenye njaa, na kwa kuwa linashinda uwanjani bila kivuli, utafiti wa kisayansi nilioufanya mimi mwenyewe, nikiwa dirishani, umebaini kwamba asilimia mia moja ya magari yetu, yaani hilo moja, yamepauka boneti na paa kama magoti ya mtoto aliyetoka kuoga asipakwe mafuta. (Vicheko. Sauti ya mama mmoja: "Na mafuta mlilipaka, Papa Gervais!")

Nashukuru kwa swali hilo, ingawa si swali. Ndugu wajumbe, kupauka ni neno la kitaalamu. Ngozi hupauka, rangi nayo hupauka. Kwa hiyo, baada ya wokshopu ya siku mbili yenye chai, ilipitishwa kwa kauli moja kwamba gari lipakwe mafuta ya mgando, yale yale ya watoto, makopo sita. Matokeo yalipendeza mno, dakika arobaini nzima. Baada ya hapo vumbi, mbegu za miti na vijidudu vya Toronto vilionyesha ushirikiano wa hali ya juu, vikaja, vikakaa. (Vicheko virefu.) Hilo halikuwa kosa. Lilikuwa jaribio, yaani payloti.

(Aurore anasimama: "Papa, pardon. Mama yangu yuko Bukavu, arusi ataiona kwenye simu. Nimemwahidi ataniona nikishuka kwenye gari jeusi linalong'aa. Sasa nishuke kwenye nini? Kwenye kikaango?")

Keti mwanangu, tulia, usiharibu nywele. Serikali yangu, samahani, kamati yangu inakusikia. Ndiyo maana tuna Mradi Shirikishi wa Kivuli na Mng'aro, wenye strateji ya awamu nne: gari kuingizwa ndani lisipigwe jua, kuoshwa kwa sabuni ya magari, siyo ile ya vyombo, kusuguliwa polepole kwa dawa ya kung'arisha rangi, bodi ikiwa imepoa, na kupakwa nta, ambayo ndiyo kinga yenyewe. Kufikia mwaka elfu mbili na thelathini na tano weusi utakuwa umepanda kwa asilimia mia mbili, na mimi nitakuwa bado mwenyekiti. (Mtu anakohoa.)

("Gereji iko wapi?") Iko kwenye pipelaini. ("Nta je?") Inafanyiwa utafiti wa fizibiliti. ("Arusi ni kesho, mzee!") Muda nao tumeuundia kamati ndogo.

Weusi, usipauke! ("Usipauke!") Kivuli, kije! ("Kije!") Mwenyekiti, adumu! (Mtoto analia.)

Mwisho kabisa, namshukuru Joyeuse wa kwaya yetu, ambaye jana, mtoto mgongoni, aliliingiza gari kwenye gereji ya jirani yake Farhat, akayatoa mafuta yetu kwa sabuni, akasugua kipande kwa kipande, akapaka nta, bila barua wala kikao. Hizo awamu nne nilizowasomea, nilimwona yeye akizifanya. Mradi wenyewe, ndugu zangu, haupo. Haujawahi kuwepo. Nimeutunga nikipanda ngazi za ukumbi huu. Naambiwa gari liko nje, limekuwa jeusi hadi bibi arusi anaweza kufunga shela akijitazama humo kama kwenye kioo.

(Viti vinaburutwa. Watu wanakimbilia mlangoni, Aurore mbele, viatu mkononi.)

Jamani, kwa mpangilio, viongozi kwanza! Asanteni kwa kunisik... Nisubirini basi. Hata mimi sijaliona likiwa tayari.