Kilio cha Kompyuta ya Papa Casimir

Symphorien alikuwa na sikio la kusikia shida za watu, hasa shida zenye kitu cha thamani ndani yake. Katika karatasi za serikali aliitwa vingine, maana miaka hiyo ya chama kimoja majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini sokoni Likasi hakuna aliyesoma karatasi. Asubuhi hiyo alimsikia Papa Casimir, muuza samaki wa jumla, akiilaani kompyuta yake mbele ya kila mpita njia.

Casimir aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mtaa mzima haukuwa na nyingine. Sasa ilikuwa imejaa pomoni, na kila alipotaka kuandika barua ya kuomba kuiuzia samaki kantini ya kiwanda, mashine ilimjibu kwa Kifaransa kwamba hakuna nafasi.

"Niliita ule informaticien, fundi ya kompyuta," alisema Casimir, "anaomba bei ya ng'ombe muzima! Juu ya kufuta tu!"

Symphorien alisogea karibu. Alikuwa akimchumbia Claire wa Lubumbashi, na Édouard, kaka mkubwa wa Claire, alikwisha kutamka mahari mbele ya ukoo. Hakutaka mbuzi wala koti. Alitaka kompyuta ya duka lake. Bila kompyuta, hakuna Claire, na Symphorien hakuwa na uwezo wa kununua hata kitufe kimoja cha mashine hiyo.

"Papa," alisema, akifunga kifungo cha juu cha abacost yake, koti la wakati huo lisilovaliwa tai, "Mungu eko. Minye njo munganga wa bintu bya vile."

Uganga huo aliupata akipeleka chai katika ofisi moja ya Lubumbashi. Chai hubebwa polepole, na macho ya mbebaji ni yake mwenyewe.

"Unaomba nini?" Casimir aliuliza kwa hofu.

"Niombe nini, papa? Sahani ya bukari na samaki."

Waliosema rahisi huvunja upishi walikuwa hawajamjua Casimir. Yeye angeiacha sufuria ipasuke, mradi kuni ziwe za bure. Siku ileile Symphorien alikaribishwa sebuleni, wao wakiita saluni, mashine ikafunuliwa kitambaa chake cha kufuma, na Mama Rosalie, mke wa Casimir, akasimama nyuma ya kiti.

"Unafuta nani?" aliuliza. "Unamujua?"

"Swali ya akili, mama! Fichier, faili yenye hatujue, ni sawa na mugeni. Unaamuka asubui, unamukuta analala mu saluni. Utamufukuza?"

"Hapana. Pengine ni ndugu ya bwana."

"Voilà! Mutu wa akili hafute. Anamutoa kwanza ku baraza. Kisha tunangoja. Kama hakuna mwenye kumuulizia, basi, aende kwabo. Kama nyumba inalia, tunamurudisha."

Baraza yenyewe ilikuwa diskette, kile kisahani cha kutunzia faili, iliyokuja na mashine, ile ambayo hata mashine ikilala usingizi mzito, ikipewa huamka. Symphorien alihamishia humo faili za Mgiriki zisizojulikana, kisha akaandika neno la kumrudisha mgeni mmoja ndani, herufi kwa herufi, mbele ya macho ya Mama Rosalie, ili aaminiwe. Yote yalikuwa kweli tupu. Huo ndio ubaya wa matapeli hodari, hutanguliza ukweli kama mvuvi wa ziwa la Tshangalele anavyotanguliza chambo.

Nafasi ikapatikana. Casimir akaandika barua yake, akaichapa, akaipeleka kiwandani akipiga mluzi. Symphorien alikula ugali wake na samaki hadi miiba, akaahidi kurudi kesho kumalizia. Mama Rosalie aliichukua diskette na kuifungia katika sanduku la vitenge vyake.

"Baraza ni ya mwenye nyumba," alisema.

Symphorien alicheka tu. Alikuwa na diskette yake ya kuamshia, ndani kabisa ya abacost.

Kesho yake alifika kwa baiskeli. Mama Rosalie alipomfungulia geti aliona kamba ndefu na blanketi kuukuu vimefungwa nyuma, lakini hakuuliza. Alikwenda jikoni. Symphorien, akiwa peke yake saluni, hakumpeleka mtu barazani. Alizifuta zile faili zinazoamsha mashine, akazima, akawasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa kugomba.

"Papa! Mama! Mugonjwa alishatuacha!"

Casimir alikuja mbio, akabonyeza kila kitufe, akapiga mashine kofi, akaanza kulia.

"Ilikuwa muzee, papa," Symphorien alimbembeleza. "Na maiti haikae mu nyumba. Minye mwenyewe nitaibeba, nitaizika. Bure."

Mama Rosalie aliitazama mashine, kisha akaitazama baiskeli dirishani. Mgonjwa alikuwa amekufa sasa hivi, lakini kamba ya kumbebea ilifika kabla yake. Alijitupa chini akapiga yowe.

Likasi yowe haliulizwi la nani. Majirani walikuja na viti vyao, wengine wakilia tangu njiani, wakaelezwa marehemu ni nani, na kwa kuwa walikwisha kulia wakaona haya kunyamaza.

"Lakini mama, hii ni mashini tu," Symphorien alinong'ona.

"Njo weye ulisema ni maiti. Maiti ya ku nyumba yangu haitoke bila kuoshwa. Banaume bote inje!"

Afanyeje? Alikaa nje kando ya mbabula, jiko la makaa, pamoja na wanaume, akipewa pole, akiitikia kwa heshima. Kando yake Casimir alilia kwelikweli. Hakuwa ameambiwa lolote, maana mume asiyejua hulia vizuri zaidi.

Ndani, mlango umefungwa, Mama Rosalie alitoa diskette sandukuni akaipa mashine. Ikakoroma, ikaamka. Akaandika lile neno aliloliona jana, herufi kwa herufi, na wenyeji, zile faili zilizofutwa, wakarudi nyumbani kwao.

"Angalia," alimwambia jirani yake Gertrude, "maiti inafungua macho!"

Gertrude aliongeza sauti ya kilio ili kicheko kisisikike nje.

Kisha walichukua katoni ya mashine, wakatia pumba na mawe meusi ya takataka za tanuri yaliyokuwa yakigandamiza bati za banda la kuku. Wakaiviringisha kitenge, wakashona kote kwa uzi mnene.

"Ukitaka kuifungua, ufungue tu mbele ya bakubwa," Mama Rosalie alimwambia Symphorien mlangoni. "Ukifungua mu njia, itakufuata. Na hawa batu balilia, balikauka makoo. Mwenye mugonjwa alimufia mu mikono anaacha kitu ya kunywa."

Symphorien hakuwa na kitu ila baiskeli na nauli ya treni ya kwenda na kurudi. Aliitazama, akamfikiria Claire, akaiacha. Alikwenda kituo cha treni kwa miguu, mzigo kichwani, akiwa na furaha ya kweli. Njiani mikono ilimwasha kufungua. Hakuamini kwamba maiti hufuata watu, lakini hakutaka kuwa wa kwanza kuhakikisha.

Lubumbashi, ukoo wa Claire ulikuwa umekaa, mashangazi mbele. Symphorien alitoa hotuba tamu juu ya maendeleo. Édouard akakata uzi.

Pumba zikamwagika, mawe yakafuata. Mjomba wa Claire aliinua jiwe moja jeusi, akalipuliza pumba, akalipima mkononi.

"Mutoto," alisema kwa upole, "huku kwetu, pa kiwanda, tuko na mulima muzima wa haya. Ulilipa na treni?"

Symphorien alitamani ardhi immeze.

"Nani alikufungia mali hii?" Claire aliuliza.

Basi akaeleza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusimulia jambo bila kuongeza chumvi. Alipofika kwenye kuoshwa kwa maiti, Claire alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko, na tumaini likamrudia Symphorien moyoni, maana mwanamke anayecheka hajafunga mlango.

Claire alifuta machozi, akasimama, akaanza kufunga mkoba wake.

"Treni ya Likasi inatoka saa ngapi?"

"Unaenda kumuomba mashini?" Symphorien aliuliza, macho yakimng'aa.

"Hapana. Naenda kukaa kwa ule mama, anifundishe, kabla ya kuolewa na weye."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Symphorien ndiye aliyelipa tikiti.