Sera ya Kurasa Sitini na Nne

Kwa heshima na taadhima, jumuiya nzima ya chuo ilitangaziwa, kwa barua yenye mhuri wa zambarau, kwamba tatizo la hisabati limekwisha. Halikumalizwa na wanahisabati. Wao wamekaa nalo karne na karne, na kila wakiligusa linaongezeka. Lilimalizwa na Kamati ya Sera za Kozi na Utoaji wa Alama, ambayo mimi ndiye katibu wake, kwa vikao kumi na kimoja na katoni mbili za karatasi.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu wa hisabati tenganifu alibandika taratibu za kozi yake kwenye mlango wa darasa. Kwa asiyelijua somo hilo, ni hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, kama watu na viti, pamoja na mantiki: ukishasema hili ni kweli, lipi lingine huna budi kulikubali. Wanafunzi wa kompyuta hawahitimu bila kulifaulu. Taratibu zenyewe zilikuwa ukurasa mmoja. Zoezi kila wiki, na alama mbaya kuliko zote inafutwa. Jaribio moja katikati ya muhula, mtihani mmoja mwishoni. Saidianeni kufikiri, ila kila mtu aandike mwenyewe. Mwenye shida aje tuzungumze.

Mkuu wa Kitivo alipita pale akausoma ukurasa ule akiwa amesimama. Akaubandua, akaugeuza nyuma kutafuta uliobaki, akakuta gundi. Akaniita ofisini. Alinieleza kwamba chuo kinachojiheshimu hakiwezi kuwa na kozi ambayo mwanafunzi anazielewa taratibu zake siku ya kwanza. Iliyomchoma zaidi ni ile sentensi ya mwisho. Kuzungumza, alisema, si utaratibu. Kuzungumza ni mambo ya kibarazani.

Ndipo Kamati ikaundwa. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, na wajumbe watatu waliochaguliwa kwa sababu hawakuwa na upendeleo wowote kwa hisabati. Waliachana nayo sekondari, na hawakuachana kwa wema.

Sera tuliyoitoa ilikuwa na kurasa sitini na nne, ukiacha viambatisho. Nasema bila majivuno kwamba haikuacha mwanya. Wanafunzi waliruhusiwa kujadiliana mazoezi, mradi mjadala usifikie hatua ya kuelewana. Mwenye swali alitakiwa kulipeleka kwa maandishi, akiambatisha jibu analolitarajia. Kuhusu uzito wa alama, mazoezi yalipewa asilimia thelathini na tano, jaribio thelathini, mtihani hamsini. Mwalimu aliandika barua fupi kusema kwamba jumla hiyo ni mia moja na kumi na tano. Mkuu wa Kitivo alimjibu kwamba chuo chetu si bahili.

Tuliamua pia kwamba theluthi moja ya darasa lazima ifeli, ili kulinda hadhi ya somo. Darasa lilikuwa na wanafunzi hamsini na wawili. Mwalimu akaja mwenyewe ofisini, akatuomba tumtajie theluthi ya hamsini na wawili ni watu wangapi. Tulipiga hesabu tukapata kumi na saba na theluthi ya mtu. Alitukumbusha kwa upole kwamba somo lenyewe linaanza kwa kusema watu hawagawanyiki. Kamati haikuona tatizo. Tulimteua kijana mmoja mpole wa kiti cha nyuma afeli kwa theluthi, tukamwandikia barua ya maelekezo: ahuzunike Jumatatu na Jumanne kutwa, na Jumatano mpaka saa mbili asubuhi. Siku nyingine zote yuko huru kufurahi kama mtu aliyefaulu.

Kila kitu kilikwenda kama saa, mpaka siku ya jaribio.

Darasani mle alikuwamo mwanamke mmoja waliyemwita Mama Pacha. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kwa miaka tisa alizunguka mitaa na daftari na tochi, akiinama kwenye mashimo ya mita na kufukuzwa na mbwa wa kila rangi. Kisha idara ikaahidi kumhamishia kwenye chumba cha kompyuta akipata shahada, ikampa ruhusa ya masomo hadi mwisho wa muhula ule. Hadi mwisho, si zaidi. Akifeli somo moja tu, anarudi kwenye mashimo.

Asubuhi ya jaribio mmoja wa mapacha wake aliamka anawaka homa. Alimkimbiza zahanati, akapewa dawa, akamwacha kwa dada yake, akaja mbio. Alifika darasani akiwa amechelewa dakika kumi na moja, viatu vimejaa vumbi. Mwalimu alimwonyesha kiti. Akaandika kwa muda uliobaki, akapata thelathini na nane kati ya arobaini. Hakuna aliyemfikia.

Mimi ndiye niliyekagua karatasi zile. Sera ilisema wazi: anayechelewa kwa dharura awe amejaza Fomu ya Dharura siku saba kabla ya dharura kutokea. Nilipekua faili zote, fomu yake haikuwamo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta thelathini na nane, nikaandika sifuri. Nilijitahidi iwe sifuri nzuri, ya mviringo.

Alikuja dirishani kwangu kesho yake. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Katibu, ningejuaje siku saba kabla kwamba mwanangu ataugua?"

Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya kupanga mambo. Alinitazama kidogo kama anavyotazama mita iliyoharibika, akaondoka. Nilisikia kitu kinanichoma kifuani, nikadhani ni chai.

Mwalimu aligombana na Mkuu wa Kitivo saa nzima mlango ukiwa umefungwa, akatoka amekunja uso. Hakubadilisha kitu. Lakini Sera ilikuwa na ibara ya rufaa. Tuliiweka kwa sababu tulitaka ibara zitimie sitini na tulikuwa tumeishiwa. Mama Pacha akaipata, akakata rufaa kwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ibara hiyo ilimweka juu ya ibara nyingine zote.

Huyu Makamu Mkuu ni mama mmoja mkavu aliyewahi kuwa hakimu. Hacheki, hanuni. Siku ya rufaa alituweka Kamati nzima upande mmoja wa meza, Mama Pacha na Mwalimu upande wa pili, akasema muda ni nusu saa.

Mkuu wa Kitivo alitumia dakika ishirini na tano. Alizungumzia hadhi, viwango, nidhamu na vyuo vya ng'ambo. Alisema Sera haina macho. Inamtazama kila mtu sawasawa, na ukianza kumwonea huruma mmoja, kesho foleni itafika barabarani. Alimaliza kwa kusema kwamba sheria ni msumeno. Sisi wajumbe tulitikisa vichwa vya kukubali kwa pamoja, jambo tulilokuwa tumelifanyia mazoezi.

Mama Pacha alisimama na nakala ya Sera iliyokuwa imekunjwa pembe nyingi. Nilishtuka kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mtu ameisoma.

Aliomba chaki, akaenda ubaoni. Alisema hatasema habari ya homa, maana Sera haiitambui. Atasema tu kilichoandikwa. Akaandika mistari mitatu, akaisoma mmoja mmoja bila haraka. Ibara ya pili inasema mshiriki wa kozi ni kila mtu anayeisoma, anayeifundisha au anayetoa uamuzi wowote kuihusu. Ibara ya tisa inasema kila mshiriki aliyekosa vipindi zaidi ya viwili amefeli. Ibara ya ishirini na mbili inasema aliyefeli hana sauti katika jambo lolote la alama, mpaka arudie kozi na kuifaulu.

Kisha akageuka, akauliza ni mjumbe gani wa Kamati aliyewahi kuhudhuria vipindi.

Mimi, kwa uaminifu wa cheo changu, niliinua mkono nikaeleza kwamba niliwahi kuingia darasani mara moja kupeleka fomu, nikauliza kama inahesabika. Mwalimu alisema inahesabika kama kimoja.

"Basi," alisema Mama Pacha, "Kamati hutoa uamuzi kuhusu kozi, kwa hiyo ni washiriki. Washiriki hawa wamekosa vipindi zaidi ya viwili, kwa hiyo wamefeli. Waliofeli hawana sauti kwenye alama. Na ile sifuri yangu imeandikwa na mtu asiye na sauti."

Mkuu wa Kitivo alicheka kile kicheko cha kumsamehe mtoto. Alisema ibara ile ilimlenga Mwalimu, ili naye abanwe, na mtu yeyote mwenye akili angejua haikuwakusudia viongozi.

"Imeandikwa *kila*, mheshimiwa," alisema Mama Pacha. "Mwalimu alitufundisha hilo wiki ya kwanza. Neno *kila* halina shemeji."

Makamu Mkuu aliivuta nakala yake, akasoma ibara ya pili, akaisoma ya tisa, akaisoma ya ishirini na mbili. Akaniuliza nani aliziandika. Nikasema ni sisi. Akauliza kama kulikuwa na mtu aliyetulazimisha, au tulikuwa wagonjwa. Nikasema hapana, tulikuwa tunajisikia vizuri kabisa.

Akamgeukia Mkuu wa Kitivo. "Umesema Sera haina macho. Nimekubaliana nawe."

Uamuzi wake ulikuwa na mistari minne. Thelathini na nane irudi. Alama zote za kozi zibaki mikononi mwa mshiriki pekee mwenye kazi ya kutoa alama aliyehudhuria vipindi vyote, yaani Mwalimu. Kijana wa theluthi afurahi siku zote saba. Na wajumbe watano wa Kamati waandikishwe kwenye hisabati tenganifu muhula unaofuata, waweke vyeo vyao kando katika mambo yote ya alama mpaka watakapofaulu.

Mama Pacha alifaulu somo. Idara ya maji ikampa meza, kiti cha kuzunguka na kompyuta. Jumamosi huja chuoni kuwasaidia wanafunzi wanaolemewa, maana Mwalimu alimwomba, na yeye si mtu wa kukataa.

Kuhusu Kamati, naripoti kwamba tunahudhuria. Tunakaa mstari wa mbele kwa sababu nyuma hatusikii. Katika jaribio la kwanza mimi nilipata sita kati ya arobaini, na siku hiyo nilitembea kichwa juu, kwa kuwa mwenyekiti wangu alipata nne. Alijaribu kuniagiza nitunge ibara ya kulishughulikia jambo hilo. Nilimkumbusha kwamba hatuna sauti.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, tai imelegea, daftari magotini, amekaa karibu na Mama Pacha. Nilijisogeza kungoja zamu yangu. Swali la tatu lilikuwa limemshinda: thibitisha kwa njia ya mkanganyiko. Alikuwa ameliandika mara tano na kulifuta mara tano.

"Nisaidie, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hii njia inaendaje?"

"Si ngumu," alisema Mama Pacha. "Unachukua neno ambalo mtu anadai ni kweli. Unalikubali lote, hubishani nalo. Halafu unalifuata hatua kwa hatua, huruki hata moja, mpaka linamwaibisha mwenyewe. Hapo umethibitisha kwamba si kweli."

Mkuu wa Kitivo aliiweka kalamu yake juu ya daftari.

"Hii," alisema hatimaye, "naona nimeshafanyiwa."

"Ndiyo," alisema Mama Pacha, akimsogezea karatasi safi. "Sasa na wewe uiandike. Jaribio la pili ni Alhamisi."