Mapafu ya Treni ya Shosho Ruguru

Kiambi alihama Makutano ya Meru kwa sababu za kiafya: watu aliowatengenezea simu walikuwa wameanza kumtafuta na rungu. Embu walikuwa bado hawajamjua. Akapanga meza yake mjini, akaandika "Injinia" kwenye kibao, na kwa miezi mitatu akaishi kama mtu mwaminifu, jambo lililomchosha sana.

Basi Alhamisi moja akatokea Shosho Ruguru, bibi mjane wa mtaa wa Dallas hapo hapo Embu, amebeba kitu kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa kichwa cha treni ya mfano, cheusi, urefu wa kiganja na nusu, ambacho marehemu mumewe alizoea kukizungusha sebuleni. Zamani kilitoa moshi kwenye bomba lake kama treni ya kweli. Sasa kilizunguka tu, moshi hakuna.

Kiambi alifungua kifuniko, akauona ugonjwa papo hapo. Mtu alikuwa amemimina mafuta ya kupikia mahali pa mafuta ya moshi. Utambi ulikuwa umeungua ukawa makaa, na ndani kulinuka chapati. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Lakini mkono wake wa pili ulikuwa tayari kwenye simu unatafuta bei, na bei ilimkalisha chini. Kumbe kuna watu wazima Nairobi, wenye wake na mashamba, wanaokusanya vitu hivi! Mmoja, jina lake Adrian, alikuwa akitafuta hicho hicho kwa elfu arobaini, mradi kitoe moshi.

Sasa Kiambi alikuwa na mchumba Meru, Kagwiria, aliyempa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo afike kwao na mbuzi wawili, la sivyo asahau. Pesa za mbuzi alikuwa nazo, elfu kumi na nane, alizozikusanya kwa jasho na kwa uongo. Akiongeza arobaini, angefika na mbuzi, suti na heshima.

"Shosho, mapafu yamekufa," alisema, kwa sauti ya daktari anayewaita jamaa kando. "Hata Ujerumani watakurudishia."

Akajitolea kumwondolea mzigo huo kwa mia nane. Ruguru akakataa. Mumewe asingependa kiuzwe kama chuma chakavu, alisema, na kwa kuwa Jumapili ni ibada ya mavuno, afadhali akitoe kanisani kipigwe mnada pamoja na ndizi na kuku. Fundi aje anunue huko, abarikiwe. Kiambi akaomba abaki nacho akipanguse vumbi, akaachiwa. Wengine jamani huzaliwa na bahati.

Alasiri ile alifanya kazi ya haki kabisa. Alikwangua masizi, akasafisha kwa spiriti, akapima waya wa joto akaukuta mzima. Akasokota utambi mpya kwa nyuzi zisizoungua, alizochomoa kwenye pasi ya mteja, akadondosha matone sita ya mafuta maangavu ya kupaka watoto. Moshi ukatoka puu, puu. Tusimwonee, ufundi alikuwa nao. Akapiga video, akairusha kwenye grupu ya WhatsApp ya wapenda treni, na Adrian akajibu kwamba Jumatatu atakuwa Embu. Ndipo Kiambi akachomoa ncha moja ya waya, moshi usije ukamwaibisha kanisani.

Jumapili treni ilizungushwa kwenye reli yake mezani, kavu kama mdomo wa mtu aliyefunga saumu. Mzee Gachoki, dalali wa kanisa, alimwita fundi atoe ripoti, na Kiambi akatangaza kifo mbele ya waumini mia mbili. Nani atanunua maiti? Akaipata kwa elfu moja.

"Haleluya," akasema Gachoki. "Kijana wetu wa Meru amenunua, na amemrudishia Bwana. Tunaanza tena na elfu moja."

Loo, Kiambi alikuwa amesahau minada ya kanisa, ambako kuku mmoja huuzwa mara nne kabla ya kuona sufuria. Watu walimpigia makofi wakimtabasamia. Utaanzia wapi kudai chako? Akanunua tena. Kila alipotaja bei, kitambaa cha kichwa cha Shosho Ruguru kule mbele kiliinama kuongeza. Akashinda kwa elfu nne, ikarudishwa kwa Bwana. Mara ya tatu akashinda kwa elfu kumi na tatu, na mfukoni zikabaki nyuzi.

Safari hii aliikumbatia kwa mikono miwili. Gachoki akauliza anamzawadia nani, na kanisa zima likamjibia: mjane. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Akaitoa, roho ikimuuma.

Shosho Ruguru akatoa bisibisi kwenye mkoba, akalegeza skrubu mbili, akairudisha ncha ya waya mahali pake. Moshi ukapanda puu, puu, na kanisa likanuka mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa.

Kisha akamwinamia Kiambi, akamwonyesha simu. Ilikuwa ile video yake. Grupu ile aliianzisha marehemu, na sasa msimamizi wake ni mjane.

"Mafuta ya chapati nilimimina mimi, nilikosea," alinong'ona. "Adrian atakuja kwangu kuitazama na kunywa chai. Na wewe hujaniambia kazi ni pesa ngapi."

"Bure, Shosho."

Ruguru akamshukuru sana, akamkabidhi jogoo aliyemnunua mnadani, asije akaondoka mikono mitupu.

Jumamosi iliyofuata, kule Meru, baba yake Kagwiria alisimama langoni. Akamtazama jogoo, kisha akachungulia nyuma ya Kiambi kwa muda mrefu, akitafuta mbuzi.